Kinyozi Madevu na Upande Asiouona

Kinyozi huyu aliitwa Madevu tangu ujana wake, na jina halikuwa la kejeli. Ndevu zake zilijaa kutoka sikio hadi sikio, nyeusi, nene, na ndizo zilizokuwa tangazo lake la biashara. Mteja alikaa kitini akasema, "Nichonge kama wewe," basi. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na studio ya picha za pasipoti. Lilikuwa na viti viwili. Kimoja chake, cha pili cha mwenzake waliyemwita Mstari, kwa kuwa hakuna aliyempita kwa kunyoosha mstari wa paji la uso.

Ndevu zilianza kupungua taratibu mno, hata mwenyewe akawa wa mwisho kugundua. Kwanza mashavu yalibaki na mabaka. Kisha kidevu, alichozoea kukirekebisha kila siku ya pili, kikawa kinakaa juma zima bila kudai wembe.

"Madevu, shamba umelihamishia wapi?" wateja walimtania.

"Nimelipumzisha," alijibu, akacheka pamoja nao. Ila cheko lile halikushuka chini ya koo.

Nyumbani hakukuwa na wa kucheka naye. Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia, na sebule yao ilijaa vitambaa vya watu. Kila usiku Madevu aligeukia ukutani akisema mgongo unamuuma, kutwa amesimama. Mwanzoni mkewe alimkanda mgongo. Baadaye akaacha kumkanda, akaacha na kuuliza. Kimya chake ndicho kilichomtisha Madevu kuliko ugomvi wowote.

Jumapili moja mchana, akipinda upindo wa pazia, mkewe aliitoa pini mdomoni akasema, "Kama kuna mwingine, niambie mwenyewe. Nisije nikaambiwa na majirani."

"Hakuna mwingine, mama watoto. Ningekuwa na nguvu za kwenda kwa mwingine, si ningeanzia hapa nyumbani?"

Mke hakucheka. Aliirudisha pini mdomoni na kuendelea kushona.

Madevu alikuwa ameshakunywa unga wa mizizi, ukampa mapigo ya moyo ya mtu anayekimbizwa na wala usimpe kingine. Akamweleza shida yake mteja mmoja, mnyanyua vyuma mwenye shingo kama gogo. Yule akamwambia, "Sindano ya homoni ya kiume tu hiyo, kaka. Ninayo. Njoo Jumamosi, ndevu zitaota kama majani baada ya mvua." Wakapatana.

Jumamosi haikufika kabla ya balaa.

Alhamisi aliketi kitini fundi mwashi, mtu mkimya, aliyetaka kunyolewa kwa wembe kuzunguka masikio. Madevu alikuwa na kichwa kinachogonga tangu asubuhi, lakini kichwa kuuma kulikuwa kumeshakuwa mazoea. Akautelezesha wembe upande wa kushoto, na sikio la mwashi halikuwepo. Si kwamba aliliona vibaya. Hakuliona kabisa. Alipokuja kutambua, shuka jeupe lilikuwa na matone ya damu na mwashi ameshika sikio, akisema kwa upole wa kutisha, "Fundi, umenikata."

Mstari alimhudumia mteja kwa pamba na spiriti, akamwomba radhi, kisha akamvuta Madevu nje.

"Angalia mbele, nitazame puani," alisema, akanyanyua mkono pembeni. "Vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Mstari aliushusha mkono. Hapo Madevu akakumbuka miimo ya milango aliyoigonga kwa bega na kuilaumu, na watu waliomwambia wamempungia mkono barabarani asiwajibu. Akakaa kwenye ngazi ya duka la vipuri.

Alimweleza mkewe yote siku ileile, na sindano ya Jumamosi pia. Kesho yake walikwenda hospitali pamoja. Katika chumba cha macho walimtazamisha taa ndogo zikiwaka huku na huku, abonyeze kitufe kila anapoiona moja. Alikaa muda mrefu bila kubonyeza, akadhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima.

Wakapelekwa kwa daktari mwingine, mwanamke wa umri wa binti yao mkubwa. Aliuliza maswali kuhusu kichwa, kuhusu ndevu, kisha, bila kuzunguka, "Na mambo ya chumbani, baba?"

Madevu alikagua vidole vyake vya miguu. Mkewe akamjibia. "Yamesimama." Akajisikia mwenyewe, akasahihisha, "Yaani, hayasimami."

Daktari aliinamia karatasi zake kwa muda kidogo. Alipoinuka uso ulikuwa umetulia. Akaagiza damu ichukuliwe asubuhi na mapema, kabla mgonjwa hajala, kwa kuwa homoni ya kiume huwa juu saa hizo na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kisha irudiwe siku nyingine, kwani kipimo kimoja kinaweza kudanganya.

Vipimo vyote viwili vilisema jambo moja.

"Wanaume wengi kwenye kipimo chetu huwa kati ya kama mia tatu hivi na elfu moja," daktari alieleza. "Wa miaka thelathini na wa miaka sitini hawafanani, na hata mtu mmoja hupanda na kushuka. Wewe hufiki mia."

"Basi nipe sindano, daktari."

"Usipoziba ufa, baba. Kwanza tujue kwa nini mwili umeacha kuitengeneza. Ungechomwa huko mtaani, ungejisikia nafuu kidogo, na macho yangeendelea kwenda." Akageuza karatasi. "Homoni nyingine iko juu mno. Ile inayopanda kwa mama anayenyonyesha."

Madevu alijitazama kifua.

Picha ya kichwa ndiyo iliyomaliza ujasiri uliobaki. Alilazwa ndani ya bomba linalogongagonga kama mafundi wa bati, macho ameyafumba, akiwaomba msamaha watu kadhaa kimoyomoyo. Jibu likawa uvimbe, ukubwa wa gololi, kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, umeegemea mishipa ya macho.

Neno uvimbe lilimziba masikio. Hakusikia daktari aliposema si saratani. Hakusikia kuwa aina hii mara nyingi husinyaa kwa vidonge, na kisu husubiri. Mkewe alimrudishia maneno hayo njiani, tena nyumbani, na bado akayaona kama maneno ya kumfariji maiti mtarajiwa. Alimwonyesha Mstari funguo za akiba zilipo. Akamfundisha mkewe kufungua koki ya maji inayosumbua. Akikitazama kidonge, kidogo kama punje ya mchele, alijiuliza kitapigana vipi na gololi.

Majuma yalipita. Asubuhi moja alikuwa amekaa sebuleni, macho kwenye ukuta wa mbele, akamwona mkewe akipita pembeni na kitambaa cha kijani mabegani. Hakugeuza kichwa. Alimwona tu. Hakumwambia mtu kwa siku kadhaa, kwa hofu kwamba akiutaja uoni huo utaondoka.

Haukuondoka. Uvimbe ulisinyaa, kichwa kikapoa, na akarudi kushika mashine ya kunyolea, ingawa wembe alimwachia Mstari. Homoni ya kiume ilipanda pia, lakini ikagoma chini ya kiwango. Ndipo daktari mwenyewe akazungumzia sindano, baada ya kupima tezi dume na wingi wa damu. Alimweleza kwamba inaweza kuifanya damu kuwa nzito, kwamba inazima uzazi, kwamba haimrudishii mzee ujana. Mkewe aliuliza maswali mengi kuliko yeye. Watoto walikuwa wameshawatosha, wakakubali. Nguvu zikarudi taratibu, kama mgeni anayebisha hodi mara kadhaa kabla hajaingia, na mkewe hakuuliza tena kuhusu mwingine.

Hofu ndiyo haikupona. Kila anaporudi kupimwa damu au kupigwa picha, Madevu hukaa kwenye benchi la ukumbini na mikono baridi, na mkewe hukaa naye akipinda upindo.

"Zungumza chochote," humwambia.

Mara ya mwisho mkewe alimsimulia mteja aliyeleta vipimo vya mapazia ya nyumba ambayo bado haina madirisha. Madevu alisikiliza, akauliza madirisha yatakuwa mangapi, na mlango wa daktari ukafunguliwa.