Uzi wa Zambarau kwenye Foronya

Jina lake halisi lilikuwa limechakaa kwa kutotumiwa, kama kitambaa kilichokunjwa sandukuni mpaka kikaliwa na mende. Ua mzima ulimwita Dobi, naye aliitika. Alifua nguo za vyumba vyote vilivyouzunguka ule ua, na za nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Shule hakupelekwa. Kaka zake walipewa madaftari, yeye akapewa beseni, na mpaka nywele zilipoanza kumwingia mvi beseni lilikuwa bado mikononi.

Kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, nguo za watu alizitambua kwa nyuzi. Kapu likiletwa, kila kipande alikipitishia uzi mmoja kwenye pindo, kwa ndani, wa rangi ya kaya ile. Kinyozi alikuwa na bluu. Fundi viatu, kahawia. Mama Redio, jirani yake wa mlango wa pili, zambarau. Nguo zikishapigwa pasi aliuvuta uzi, ukatoka, na mtu akarudishiwa kapu lake bila kujua kwamba shuka zake zilikuwa na alama. Hakuna aliyewahi kupata soksi ya mwenzake. Hilo ndilo jambo pekee alilokuwa amebaki nalo la kujivunia, kwa maana mengine yote yalikuwa yamekwenda na taa.

Taa zililetwa na Ofisi ya Mwenendo. Kila mlango ulifungiwa taa ndogo juu ya kizingiti. Kaya ya watu wema iliwaka kijani. Kaya yenye mashaka iliwaka manjano. Nyekundu ilikuwa ya waliokwisha kuharibikiwa. Mwenye kijani aliteka maji bombani muda wowote, na kazi za serikali zilikuwa zake. Mwenye manjano alisubiri wenzake wamalize kwanza. Mwenye nyekundu hakuligusa bomba kabisa, na hata salamu alinyimwa, kwa sababu juu ya nguzo iliyokuwa karibu na bomba palifungwa kamera, wakaiita Jicho, na Jicho lilimwona kila aliyesimama naye.

Kosa hasa lilikuwa nini, hakuna aliyeambiwa. Kwa hiyo watu waliogopa kila kitu. Wengine waliacha kucheka kwa sauti. Wengine walianza kucheka kwa sauti kila walipopita chini ya Jicho, ili waonekane wana furaha. Uani hapakuwa na askari hata mmoja. Wa nini? Kila mtu alikuwa askari wa mwenzake, tena wa bure.

Taa ya Dobi iligeuka manjano baada ya kaka yake kuja kumtembelea akalala bila ruhusa. Aliyepeleka habari ni Mama Redio, mwanamke aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Hakuna aliyemwambia Dobi hivyo. Alijua tu, siku Mama Redio alipoanza kumsalimia kwa adabu ya ajabu, "Umeamkaje, mpenzi? Na mwili haujambo?" wakati tangu wafahamiane salamu yao ilikuwa ni kutaniana na kurushiana matusi madogo madogo.

Mumewe Dobi alikuwa dereva wa gari la ofisi ya mji, na mtu wa kaya ya manjano hakuruhusiwa kushika usukani wa serikali.

"Nakwenda kwa binamu yangu kwa muda, mama watoto," alimwambia. "Taa ikikaa sawa, narudi."

"Na godoro?"

"Godoro nini?"

"Hilo ulilolibeba kichwani. Nalo linakwenda kwa muda?"

Alilikaza kwa mikono miwili, akatoka. Mwanamume akitaka kuondoka hukosa ulimi lakini hakosi mikono ya kubebea. Asubuhi ile Dobi alirudisha makapu ya watu huku machozi yamemziba macho, na katika kapu la Mama Redio akasahau kuvuta uzi kwenye foronya moja. Alikumbuka baadaye, akapuuza. Uzi ni uzi tu.

Alikwenda Ofisi ya Mwenendo kuuliza. Dirisha la kwanza lilimtuma la pili, la pili likamrudisha la kwanza.

"Sisi hatugeuzi taa, mama," kijana wa dirishani alimwambia. "Mtambo ndio unaogeuza."

"Uko wapi huo mtambo, niuulize mwenyewe?"

"Mtambo hauulizwi, mama yangu."

"Unapigiwa magoti?"

Kijana alicheka, akainua macho kuangalia dari, akaacha kucheka. Akamwambia aje siku nyingine. Alikuja siku nyingine. Akaambiwa yule kijana hayupo tena, na hakuna anayejua alisema nini.

Basi Dobi akawa wa mwisho bombani. Maji yakitoka mengi, apate. Yakikatika, arudi na ndoo tupu na rundo la shuka za wageni zikimsubiri. Mama Redio alikuwa akiteka mapema, ndoo zinafurika, huku akiimba.

Asubuhi moja watu waliamka wakakuta Jicho limevikwa foronya. Mtu alikuwa amepanda ile nguzo, akaifunika kamera na kuifunga kwa kamba kama anavyofungwa mgonjwa wa jino. Ua wote uliingia ndani na kufunga milango. Hakuna aliyetaka kuonekana akicheka, na Dobi alikaa chumbani kwake akacheka mpaka akaumwa mbavu.

Kicheko kilikatika kapu la Mama Redio lilipofika. Chini kabisa, chini ya magauni na taulo, palikuwa na fulana ya kiume, chafu, imeganda jasho la mtu aliyetembea mbali. Mama Redio aliishi peke yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, mtu mzima sasa, aliyewashiwa nyekundu akahamishwa mji, na kukatazwa kukanyaga mlango wa mama yake. Dobi aliishika ile fulana muda mrefu. Mambo yalijipanga yenyewe kichwani: kijana amekuja, mama amelifunika Jicho ili mwanawe apite, ale, alale kidogo, aondoke. Redio nzima ya ua, iliyomtangaza kaka wa mwenzake, nayo ilikuwa na mgeni.

"Kumbe," Dobi alijisemea. "Kumbe nawe unajua uchungu wa ndugu."

Adhuhuri akaja Mtunza Taa, ofisa aliyeusimamia mtaa ule kwa niaba ya Ofisi ya Mwenendo. Alikuwa kijana wa viatu vya kung'aa, na mashati yake yalifuliwa na huyo huyo Dobi, kwa uzi mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashati yako bado mabichi."

"Sikufuata mashati." Alitoa ile foronya, akaugeuza upindo. Uzi wa zambarau ulikuwa pale pale, ule aliousahau. "Huu mshono si wa kiwandani. Anayefua ua huu ni wewe tu, basi ni wako. Kaya ya nani hii?"

 Jina lilikuwa limeshampanda Dobi kooni, limekaa nyuma ya meno, tamu kama sukari guru. Angelitema tu.

"Macho yangu siku hizi, mwanangu..."

"Mama, mimi nakuheshimu kama aliyenizaa. Sema jina. Kesho taa yako inawaka kijani, mzee anarudi nyumbani, maji unateka ukitaka usiku ukitaka mchana."

"Si ungeangalia mwenyewe? Nguo zote za ua ziko hapa kwangu, nyingine kambani, nyingine kapuni. Tafuta rangi hiyo."

Mtunza Taa alitazama tope lililokuwa chini ya kamba, akavitazama viatu vyake. "Kupekua naweza. Lakini Ofisi haina haja na uzi, mama. Inahitaji kinywa. Mtu akishasema mara moja, mara ya pili haoni taabu." Akatabasamu kama mtu aliyetoa zawadi. "Lala, fikiri. Kesho asubuhi usiposema nitapekua kipande kwa kipande, na hapo itahesabiwa kwamba umeficha."

Jioni haijaingia mumewe akatokea. Mikono mitupu, godoro hakuja nalo.

"Nimesikia habari njema," alisema, akiketi ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu. Mama watoto, ni neno moja tu. Zambarau ni ya nani naijua, niliishi humu: huyo huyo aliyekuchoma, ila wanataka kinywa chako, si changu! Unamwonea huruma ya nini?"

"Sina huruma naye hata ya kulambia kidole."

"Basi sema."

"Nikisema, taa ikawa kijani, unarudi lini?"

Mume alijikuna shingo. "Kwanza nitarudishiwa gari. Halafu tutaona. Unajua kule kwa binamu nimeshazoea, ni karibu na kazi..."

Dobi alimwangalia mtu aliyelala naye kitanda kimoja umri wote wa watoto wao. Alitamani kumrushia pasi. Badala yake akasimama, akamfungulia mlango, akangoja mpaka atoke.

Akafunga. Giza lilipoingia akaanua nguo za kambani, akazimwaga sakafuni pamoja na za makapu yote. Alijua kwamba kesho wangekuja kumuuliza kuhusu kinyozi, kesho kutwa kuhusu fundi viatu, na kwamba nguo za watu, zinazojua nani anaumwa, nani kalala wapi na nani analia kwenye mto, zingegeuka kuwa midomo, na mdomo wa zote ungekuwa wake. Tayari walikuwa wamemchukulia maji, mume na salamu. Sasa walitaka beseni.

Lakini tusimpambe. Alipoanza kuvuta zile nyuzi hakuwa mtu mwema. Alikuwa na hasira tu. Kwanza alizivuta za zambarau. Halafu akaona: nguo zisizo na uzi katikati ya zenye uzi zingejionyesha zenyewe. Ikabidi atoe zote. Bluu, kahawia, nyeupe, kijani. Kila uzi wa Mama Redio aliuvuta na neno lake.

"Huu wa kaka yangu. Huu wa mdomo wako. Huu wa godoro langu, mshenzi wewe."

Alipomaliza, sakafu ilikuwa imejaa vinyuzi kama nywele kwa kinyozi, na mbele yake palikuwa na rundo moja la nguo nyeupe na nyeupe na nyeupe, ambalo hata yeye hakuweza tena kulisoma.

Asubuhi Mtunza Taa aligeuza upindo baada ya upindo.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Zinaozesha vitambaa. Nimezitoa."

"Jana?"

"Jana ndipo nilipopata nafasi, mwanangu. Hamna maji ya kunishughulisha."

Akawaita watu wote waje wachukue nguo zao wenyewe, akidhani atakayekosa foronya atajulikana. Hakujua anaita nini. Wote walikosa kitu.

"Hii suruali si yangu, mimi nina kiuno bwana!"

"Shuka yangu haikuwa na kiraka! Dobi, umelewa?"

"Kazi imemshinda. Mwanamke akiachwa huwa hivyo."

Kinyozi alipata shati la Mtunza Taa, likamkaa vizuri mno, na watu wawili wakamwamkia "shikamoo mheshimiwa" kabla hawajamwona uso. Na aliyepiga kelele kupita wote, aliyesimama katikati ya ua amejishika kiuno na kumwita Dobi mvivu, mchafu, mwizi wa nguo za watu, alikuwa Mama Redio. Aliondoka na foronya mbili za nyumba ya wageni kwapani, akiapa kwamba ni zake tangu aolewe.

Dobi alisimama akinyonya matusi. Neno lilirudi kooni, likagonga meno. Alilimeza. Liliteremka kwa shida kama mfupa.

Taa yake iligeuka nyekundu watu wakiona. Makapu hayakuja tena. Yalivuka barabara kwenda kwa dobi mwingine, mpya, ambaye Ofisi ilimletea mashine. Alibakiwa na shuka za wageni tu, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni alitaka bei rahisi na hakujali taa. Maji aliyafuata kwenye mfereji ulioko nyuma ya machinjio, akayachuja kwa kitambaa.

Mchana mmoja alikuwa akianika. Shuka zilizolowa zilitengeneza kuta kati yake na Jicho, na ndani ya kuta hizo akaingia Mama Redio, ameinama, amejifunika kichwa.

"Dobi," alisema kwa sauti ya chini ambayo Dobi hakujua kama anayo. "Foronya yangu moja haijarudi. Nimekuja kukumbusha tu. Nitamwambia mtu yeyote kwamba ilipotelea kwako."

Dobi alikamua shuka mpaka tone la mwisho. Kumbe alikuwa amekuja kumbandika kosa la ile foronya.

"Ile ya nguzoni? Iko mezani kwa Mtunza Taa. Ina uzi wa zambarau, na zambarau ni wewe. Aliniuliza kabla taa yangu haijawa rangi hii."

  Mama Redio aliitazama ile taa nyekundu kupitia upenyo wa shuka, akamtazama Dobi mikono, ilivyopasuka kwa maji ya machinjio.

"Usinishukuru," Dobi alisema. "Sikukufanyia wewe. Wewe nakuchukia mpaka leo, na kesho nitakuchukia."

Akainama, akatoa kitu chini ya beseni, kimekunjwa vizuri, kimepigwa pasi.

"Fulana ya mgeni wako. Doa la kwapani limenishinda; maji yenyewe unayajua. Mwambie akija tena, asivae nyeupe."

Mama Redio aliichomeka ile fulana ndani ya nguo yake, kifuani. Alichungulia kama njia iko wazi, kisha akatoka upande wa pili wa shuka, haraka, bila kuaga, kabla Jicho halijamwona amesimama na nani.