Nambari Mkononi mwa Mwikali

Mukai wa Mwala hakupenda mtu aandikwe mkononi. Mwaka wa arobaini na mbili, vita vya Wazungu vikiwa vimepamba moto, chifu alitaka kila boma litoe mwanamume mmoja. Hakuuliza nani anataka. Alimgonga Ndeti, mume wa Mukai, kifuani, akamwambia ainue gunia, kisha karani akamchora mkono kwa kalamu ya zambarau. Mukai akachukua majivu na mafuta ya mbariki, akasugua alama ile mpaka ngozi ikachubuka. Wapi! Askari wa chifu walirudi wakamchora tena, wakamchukua yeye pamoja na mbuzi wa faini. Ndeti alirudi baada ya miaka minne, ana koti zito na kikohozi kisichoisha.

Kwa hivyo mwaka wa 2001, mjukuu wake Mwikali aliposema anaenda kujiandikisha jeshi pale uwanjani Machakos, Mukai alimtazama mikono kwanza. Kisha akauliza, "Nani amekutuma?"

"Hakuna, Susu. Nimejituma."

"Basi twende wote."

Uwanjani Mwikali alikimbia na kundi lake, akawa kati ya wa kwanza. Ofisa akamwandika nambari mkononi, angoje daktari. Akaja mbio kwenye kamba iliyozuia watazamaji, kumwonyesha nyanya yake. Mukai, kwa furaha, akamtemea mate ya baraka kifuani, akatoa kichupa cha mafuta akampaka mikono yote miwili, vile wazee walivyombariki mtu wa safari.

Nambari ikayeyuka.

"Susu! Umenimaliza!"

"Bila nambari hakuna daktari," ofisa akasema. "Rudi nyumbani, dada."

Mukai akapita chini ya kamba. "Nimefuta mimi. Huyu hana makosa."

"Mama, ulitaka abaki?"

"Mume wangu nilitaka abaki, nikashindwa. Huyu amekuja na miguu yake. Uliza hiyo miguu!"

Vijana wakaangua kicheko. "Huyo nyanya apewe bunduki!"

Ofisa akatazama kundi la mwisho likijipanga. "Akimbie tena. Asipoingia kumi bora, mwende zenu."

Mwikali hakuwa amepumzika hata robo saa. Alikimbia akiwa ameuma meno, na sauti ya Mukai ikimfuata kila mzunguko: "Miguu, Mwikali! Miguu!" Akaingia wa tisa, akaanguka, akanyoosha mkono akiwa chini vile vile. Ofisa akapangusa mafuta kwa kitambaa, akaandika upya.

Mwikali akageuka kumtafuta nyanya yake. Mukai alikuwa amesimama wima pale pale, mikono yote miwili yenye mafuta ameifungia ndani ya leso.