Baba Hakoromi

Baba yangu alikuwa anakoroma kama lori la viazi linalopanda mlima, na hakukubali hata siku moja. Jumapili tukitoka misa, kwetu Uwemba, Njombe, alijilaza kwenye mkeka nyuma ya jiko, mahali ambapo jua linafika na upepo haufiki. Mama alikaa pembeni akifuma sweta. Mzee akianza tu, mama anamdonoa kwa sindano ya kufumia: "Baba watoto, kuku wanahama!" Naye anafumbua jicho moja: "Mimi? Sijawahi kukoroma." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jamani, natamani jua lile lirudi hata saa moja.

Baadaye ukaja ugonjwa wa neva. Ulianza na miguu, ukafuata mikono, kisha kizunguzungu kila akisimama. Halafu sauti ya usingizini ikabadilika: akivuta pumzi, koo linapiga mluzi mwembamba. Tukasema ni baridi ya Njombe hiyo, anywe tangawizi. Mimi, kwa ujinga wangu, nikamrekodi kwa simu, nikarusha kwenye kundi la familia: "Mzee kaacha lori, kahamia treni." Wakacheka wote.

Mwezi uliofuata nilimpeleka hospitali kwa ajili ya kile kizunguzungu. Daktari akauliza, analalaje? Nikatoa simu huku nacheka. Daktari alisikiliza, akarudia tena, na hakucheka.

"Huku si kukoroma," akasema. Nyuzi za sauti zinatakiwa kufunguka mtu anapovuta hewa; za baba, akilala, zilikuwa zinajifunga. Siku moja zingejifunga zisifunguke tena. Nilijiona mpumbavu kupita wote. Mzazi wangu alikuwa anakabwa, na mimi nilikuwa nasambaza kichekesho!

Wakamtoboa shingoni, wakamwekea mrija wa kupumulia. Mluzi ukaisha. Ila sasa, ili aongee, lazima azibe tundu la mrija kwa kidole, na kidole chenyewe kinatetemeka. Kwa hiyo siku nyingi anaitikia kwa macho tu.

Jumapili iliyopita nilitoka Makambako, ninakofanyia biashara, nikawakuta palepale nyuma ya jiko. Baba amelala, hana sauti hata ya mbu. Mama anafuma kidogo, anakitazama kifua cha baba kinavyopanda na kushuka, anafuma tena. Baba alipofumbua macho, mama akamdonoa kwa sindano.

"Baba watoto, leo umezidi. Kuku wote wamehamia kwa jirani!"

Uongo mtupu. Baba akainua mkono. Ukatetemeka, ukapotea njia ukafika kidevuni, ukashuka tena. Nikainuka nimsaidie, mama akanikata jicho, nikakaa. Tukasubiri. Mwishowe kidole kikalipata tundu.

"Mimi?" akasema, kwa sauti iliyokwaruza. Akapumzika, akaziba tena. "Sijawahi kukoroma."