Alasiri Jua Lilipopatwa

Hadi leo, nikisikia mwadhini anaita "Asswalatu jaamia" saa isiyo ya sala, kuitia watu sala ya jua kupatwa, macho yangu hujifumba yenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa tisini na tisa, kwetu Azaiba, Oman. Alasiri ile joto lilipungua ghafla, mwanga ukawa wa rangi ya shaba, na kunguru wakaanza kurudi mitini kana kwamba Magharibi imeingia. Bibi yangu, aliyekuja Oman na hofu zake zote za Unguja, alikwishafunga kila pazia.

"Atakayelitizama jua atapofuka," alisema. "Nnakwambieni mapema."

Mie nilitumwa kuanua nguo uani. Nikatizama. Lilikuwa jembamba kama mundu uliotoka motoni, na sikubandua macho upesi.

Niliporudi ndani, doa la kijani lilinitangulia kila nilikogeuka: ukutani, kwenye msala, katikati ya uso wa Bibi. Tulisali, na kila nikisujudu lilikuwa pale linaningoja. Niliamini napofuka, tena kwa kosa langu. Kusema sikuthubutu.

Baada ya sala shangazi yangu Salma, mwalimu wa sayansi, alitukusanya watoto atupoze roho. Akatusimulia kuwa zamani, jua lilipopatwa kama hivi, wataalamu waliupitisha mwanga wa pembeni mwake kwenye kioo cha pembe tatu, wakaona mstari wa manjano usiofanana na wa kitu chochote kilichojulikana duniani. Wakakipa kitu hicho jina kutokana na neno la Kiyunani la jua: heliamu.

"Wakaipa jina kabla hawajaishika," alisema. "Zaidi ya miaka ishirini baadaye ndipo ikapatikana hapa hapa duniani, ndani ya jiwe. Ndiyo gesi ya maputo yenu."

Wenzangu wakacheka. Mie nikauliza, "Na hao waliotizama, walipofuka?"

Shangazi akanisogelea. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Umelitizama, ee?"

Nikaangua kilio. Hakunigombeza. Alinyoosha vidole, "Vingapi?" Akabadilisha, akauliza tena, na tena, na vidole vyenyewe vilikuwa vikitetemeka. Asubuhi yake alinipeleka kwa daktari. Doa lilichukua wiki nzima kufifia.

Enzi hizo nilidhani mwenye elimu haogopi. Sasa nna mwanangu, na nafahamu: Bibi aliogopa asichokijua, mie niliogopa kugombezwa, lakini Shangazi alijua hasa jua linaweza kulifanya nini jicho la mtoto. Katika nyumba ile, hakuna aliyeogopa kama yeye.