Kidato cha Nne cha Kwenye Barua ya Posa

Mimi nilianza kwa kusugua sakafu za maghorofa ya St. James Town, huku ughaibuni, na leo nina magari sita ya kampuni yangu ya usafi. Sikubebwa na mtu. Nasema hivi ujue kwamba aliyetoka jasho ukumbini siku ile si mtu wa kutishika ovyo.

Binti yetu alikuwa anasoma chuo kule mtaa wa Jane na Finch, akatualika tumtazame akiigiza. Mchezo wa Waingereza wa zamani, magauni ya kufagia sakafu. Kiingereza changu ni cha kazini, lakini niliufuata wote: mheshimiwa wa serikali, mkewe anamwona malaika, kumbe ujanani aliuza siri ya serikali. Anatokea mwanamke mjanja ameshika barua ya zamani ya huyo mheshimiwa, anatishia kuitoa hadharani. Na mwanamke mwenyewe ndiye binti yangu! Ukumbi ukacheka. Mimi nikaloa jasho.

Maana na mimi nilikuwa na barua. Barua ya posa aliyoniandikia mjomba, nikamwambia aongeze: kijana amehitimu kidato cha nne. Nimeishia la saba. Na wiki ile nilikuwa nagombea uenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania, mke wangu anapita nyumba hadi nyumba akisema, "Mume wangu hajawahi kumdanganya mtu."

Mapumziko yalipofika nikamvuta mke wangu hadi kwenye mashine ya soda.

"Mama watoto, ile barua ya posa. Kidato cha nne sina."

"Ndiyo maana hujagusa karanga zako?"

"Nasema kweli."

"Wewe, ulidhani baba atatoa binti bila kutuma mtu akuulizie? Walikwenda mpaka sekondari ya kwenu. Hawakujui! Baba akasema, huyu amedanganya jambo moja, wenzake walioposa mambo matatu matatu. Apewe."

"Sasa mbona unanisifu kwa watu kwamba sidanganyi?"

"Ulimdanganya nani? Sote tulijua."

Nilipumua kama mtu aliyetua gunia la saruji. Kipindi cha pili nilicheka mpaka mzee wa kiti cha mbele akageuka.

Jumapili nikasimama mbele ya jumuiya, nikasema mwenyewe: la saba. Bwana mmoja mwenye digrii akaguna. Mke wangu hakunyanyuka hata kitini, akamwambia:

"Shemeji, guna taratibu. Leo pia utaomba lifti kwenye gari la huyu wa la saba."

Nilishinda, tena kwa mbali. Na yule bwana nilimpa lifti hadi kwake.