Nguzo za Damascène Zisizomwagiwa Saruji

Damascène alikuwa mtu wa kiguu na njia hata akiwa amekaa. Mkaribishe kiti, mpe chai, bado utaona goti linamcheza na macho yake yako mlangoni, na kabla hujamaliza kumuuliza hali ya nyumbani ameshasimama. Mke wake Xavérine alikuwa akisema ameolewa na mgongo, kwa sababu haoni sana uso wa mumewe. Na alikuwa na haki ya kusema, maskini, maana kila wakihama, wa kufungasha alikuwa yeye.

Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, kwa wazazi waliokimbia Rwanda. Baba yake, mzee Nduwayo, aliishi pale hadi kufa kwake na hakupanda hata mti mmoja. Paa linavuja? "Tunarudi." Ua umeanguka? "Tunarudi bwana, weka mkeka." Mzee akafa hivyo hivyo, bado anarudi. Damascène akajifunza kuchomelea vyuma, akatengeneza mageti ya nusu ya mtaa, na kwao kukabaki na mkeka. Mambo hayo!

Agosti ya mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yamekomeshwa na Kigali imebaki nusu tupu, akafika na Xavérine na binti yao Ishimwe, ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea. Wakaingia katika nyumba iliyokuwa wazi kwenye mteremko wa Gisozi. Wengi waliorudi walifanya vivyo hivyo: mlango uko wazi, mwenyewe haijulikani kama yu hai, na mvua hizo zinakuja. Nyumba haikuwa yao, na walilijua hilo kila walipokaa kula.

"Na mwenyewe akija?" Damascène angeuliza, tonge likiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Kula, Baba Ishimwe. Akija atakukuta umeshiba."

Xavérine alitaka kubaki, na tuseme wazi, aliipenda nyumba ile kwa hofu, kama mtu anayependa mtoto wa kuazima. Alipenda dirisha la jikoni linaloangalia bonde. Alipenda sakafu ambayo ukiipiga deki inakauka ikiwa safi. Kila mgeni alipobisha hodi, alitazama kwanza kama aliyebisha ana funguo mkononi.

Nyumba hiyo haikuwa na ua. Palikuwa na boma la miyenzi, ile mimea ya utomvu mweupe ambayo watu wa huku huzungushia nyumba zao, lakini lilikuwa limefyekwa lote hadi visikini. Hakuna aliyehitaji kuuliza lilifyekwa na nani wala kwa nini: wauaji hawakutaka mtu apate pa kujificha. Mbwa wasio na wenyewe walikuwa wakipita uani, na Ishimwe alikuwa akitambaa kuuelekea mteremko. Damascène akaamua kujenga uzio wa fito za mkaratusi.

Alianza na nguzo za miti, akamjua mchwa wa Gisozi. Ndani ya wiki chache ukizigusa zinabonyea. Mtu akapandwa na hasira! Akaenda kwenye mabaki ya malori kando ya barabara, akarudi na vyuma vya pembe na mabomba, akaapa kwamba mti hautagusa udongo tena. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, leo upo kesho haupo, kwa hiyo alichoweza kuchomelea alichomelea, kilichobaki akakifunga kwa bolti. Kila nguzo ya chuma akaitengenezea vikombe vya kubebea ncha za fito. Mvua ya kwanza ikajaza vikombe maji, fito zikavimba, zikaanza kunuka. Akavitoboa chini maji yapite. Kisha kutu ikaanza kula chuma pale kinapoingia ardhini, maana pale ndipo maji na hewa hukutana. Akazifukua nguzo zote, akazipaka lami hadi usawa wa goti, akaziba vichwa vya mabomba yasinywe mvua. Mchana angeacha kazi ya mteja, akazunguka kuzitikisa moja moja. Majirani wakadhani anatafuta kitu.

Nguzo zilikuwa nzuri, hilo hata mimi ninayemcheka nakiri. Lakini hakuzimwagia saruji. Alizika ardhini kipande cha bomba pana, akakishindilia mawe, nguzo ikasimama ndani yake kwa pini. Chomoa pini, nguzo inatoka. Nazo fito zilikuwa zinachomoka vivyo hivyo.

"Nguzo gani hii ya kung'oka?" Xavérine akauliza. "Mwaga saruji, mume wangu. Nakuomba."

"Saruji ni ya mwenye kiwanja."

"Ni ya mtu anayetaka kukaa! Wewe umejenga uzio wa kuondokea."

Damascène alikwenda kutikisa nguzo.

Jirani wa nyuma alikuwa mzee mmoja mpole, Twagirayezu, mwenye shamba la migomba lililogusana na uzio ule. Siku moja alikuja, akausifu, akashika fito, akapiga nguzo kwa kidole. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama sana.

"Na huku nyuma?" akauliza.

"Huku nyuma ndiko imara kuliko mbele, mzee!" Damascène akasema kwa fahari. "Hapiti hata paka."

"Naona," mzee akasema. Akaaga, akaenda zake kwa kuzunguka njia ndefu ya barabarani. Watu wa Kigali hawakutupii neno usoni. Wanaliweka karibu nawe uliokote mwenyewe. Damascène wa Buyenzi, ambako watu huambiana ukweli kwa kupigiana kelele, hakuokota kitu.

Mwenye nyumba akaja mwezi wa Desemba, asubuhi ya manyunyu. Hakuwa na funguo. Alikuwa mama wa makamo, amevaa sweta la kiume, akasimama nje ya geti akishika nguzo kana kwamba anaomba ruhusa. Jina lake Mukunde. Zamani alikuwa akishona nguo katika chumba kile kile ambamo Xavérine alikuwa akimlaza Ishimwe. Xavérine alielewa kabla mama hajafungua mdomo, akaketi chini pale pale mlangoni.

Damascène akatoka. Miezi yote alikuwa ameyaandaa maneno: karibu mama, nyumba ni yako, sisi ni wapitaji tu. Yakamkauka. Ndipo alipogundua, na ilimuuma vibaya, kwamba hataki kuondoka.

Mukunde hakuuliza habari ya vyumba. Alipita kando ya nyumba moja kwa moja hadi nyuma, akasimama mbele ya uzio, akaanza kuzipapasa fito.

"Icyanzu kiko wapi?"

Damascène hakulijua neno hilo. Mzee Twagirayezu, aliyekuwa ameshafika ng'ambo ya fito, ndiye aliyejibu. "Ni njia ya nyuma, mwanangu. Kila boma la huku lina pengo lake nyuma ya nyumba, la kuombeana moto na chumvi. Mgeni halijui. Jirani analijua."

"Walipoingia kwa mbele," Mukunde akasema, "mimi nilipita hapa. Huyu mzee akanifunika kwa majani ya migomba. Wengine wa nyumba yangu hawakuwahi kufika hapa." Akaugusa uzio. "Bwana, kazi yako nzuri. Lakini ukinifungia huku, mimi siwezi kulala humu."

Jamani! Damascène aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Alichomoa pini, fito zikatoka, akainyanyua nguzo nzima kutoka kwenye bomba lake. Pengo likafunguka. Mukunde akapita kwenda migombani, akarudi, akapita tena, akarudi. Halafu ndipo akalia, na Xavérine akaja akamshika.

Walikubaliana Mukunde ahamie Jumapili. Aliwaambia waendelee kukaa chumba kimoja, lakini kimoja kilikuwa cha cherehani na kingine kilikuwa na kumbukumbu za watu wake ambazo hakuna mgeni angeweza kulala nazo. Mzee Twagirayezu akasema ana chumba cha uani, kinavuja kidogo.

Jumamosi Xavérine alikuwa akifungasha aliposikia koleo. Akatoka. Mumewe alikuwa anachanganya saruji. Alikuwa ameshazimwagia nguzo za mbele, ameinua saruji juu ya udongo na kuilaza mteremko ili maji yasituame kwenye chuma. Zile mbili tu za nyuma, penye pengo, aliziacha ziendelee kuchomoka.

"Miezi yote nakuomba saruji," Xavérine akasema, "unaimwaga leo tunapotoka?"

"Huyu mama haondoki tena," Damascène akasema. "Yeye anajua yuko wapi." Akafuta uso kwa kiganja chenye saruji. "Nisamehe, Xavérine. Nilikuwa naogopa kukaa."

Kesho yake walibeba godoro kuelekea getini. Mukunde akawazuia.

"Mnakwenda wapi huko? Getini wanapita wageni," akasema. "Nyie piteni huku."

Wakapita nyuma, Xavérine na godoro, Ishimwe mgongoni mwa Mukunde, Damascène na mashine yake ya kuchomelea. Chumba cha Twagirayezu kilikuwa na giza na kweli kilikuwa kinavuja. Damascène akakaa juu ya sanduku, akahesabu matundu ya dari. Goti lake lilikuwa limetulia.

"Mzee," akasema, "huu mteremko wa chini ya migomba, kiwanja cha nani?"