Mnazi wa Saa Tisa na Nusu

Kwa muda wa wiki saba hivi, mwishoni mwa miaka ya tisini, sikuweza kupita uani kwangu Mwabungo bila kuinua macho kutazama paa. Mke wangu alisema nimekuwa kama kuku aliyeona mwewe.

Juu ya paa palikuwa na paneli ya sola ya wati arobaini. Nyaya za stima zilikuwa zimeishia kwenye barabara ya hoteli, na hakuna aliyejua zingetufikia lini. Nilikuwa fundi wa matengenezo katika hoteli moja ya Diani, kazi ya mabomba, feni na swichi. Umeme sikuusomea shuleni. Nilichokijua nilikitoa vitabuni. Kitabu cha sola nilikipata Mombasa kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya njia, kikiwa kimepoteza jalada. Kilikuwa kimeandikwa katika nchi za baridi. Nilikisoma mara mbili kabla ya kununua hata bolti moja, na kila kilichoagiza nilikifanya: unene wa waya, fyuzi, maji ya betri, na fremu ya chuma niliyoiinua digrii arobaini kuelekea kusini.

Niliifunga Desemba, nikiwa likizoni. Siku ya kwanza, saa sita mchana, sindano ya mita ilisimama kwenye ampea mbili na pointi mbili, karibu sawa na hesabu iliyobandikwa mgongoni mwa paneli. Niliandika kipimo hicho katika daftari na nikapima tena kila siku, saa sita na saa nane, mpaka likizo ikaisha. Taa tatu na redio ziliwaka hadi tulipotaka wenyewe kulala. Kwa mtu aliyetoka bara na kujifunza kila kitu peke yake, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Mwezi wa Mei taa zikaanza kufifia kabla hatujamaliza kula. Nikasingizia mawingu ya masika. Masika yakaisha, Juni ikaingia na kusi yake na siku za jua safi, na taa zikazidi kufifia. Mke wangu aliitoa kandili ya mafuta ya taa nyuma ya kabati, akaifuta kioo polepole mbele yangu.

Sikuwa mtu wa kulala na jambo nisilojua sababu yake. Niliosha paneli kwa maji ya mvua nikaikausha kwa kitambaa cha pamba. Nilikwangua chumvi kwenye maungio yote. Nilipima maji ya betri, seli moja baada ya nyingine; betri haikuwa mgonjwa, ilikuwa na njaa tu. Basi nikaanza kupima kile paneli ilichokuwa ikileta. Zamu yangu hotelini iliisha saa saba, kwa hiyo nilipima kuanzia saa nane, kila nusu saa, hadi jua liwe chini. Nilichelewa chakula. Nilikatiza maongezi. Siku moja mgeni aliyetutembelea aliondoka akidhani nimemkasirikia, kumbe ilikuwa imetimia saa tisa.

"Hiyo mita utaioa," mke wangu alisema.

Desemba, saa nane, nilikuwa nikipata ampea moja na pointi nane. Sasa saa ile ile nilipata pointi nane tupu. Na saa tisa na nusu sindano ililala kabisa kwenye pointi mbili. Nilipanda ngazi kutazama, na nikaona: kivuli cha makuti ya mnazi kilikuwa kikicheza juu ya kioo cha paneli. Desemba hakikuwapo. Nikajiambia, nimekupata.

Mnazi wenyewe ulisimama ndani ya kiwanja changu, upande wa kaskazini-magharibi, lakini haukuwa wangu. Huku Pwani mtu anaweza kukuuzia ardhi akabaki na mti wake juu yake, na hapana anayeona ajabu isipokuwa sisi watu wa bara. Aliyetuuzia alikuwa mzee wa nyumba ya pili. Alifariki miaka miwili baadaye, na mnazi ukabaki kwa mjane wake. Kila baada ya miezi michache bibi huyo alikuja na mkwezi, akaangua nazi zake, akatuachia nne mlangoni. Hatujawahi kukosana naye hata kwa jicho.

Nilimkuta barazani kwake akisuka makuti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona waja na daftari, wanirudisha chuoni?"

Nikaketi nikamweleza. Nilimchorea paa, mnazi na jua. Nilimsomea safu za ampea, za Desemba na za Juni. Alisikiliza bila kusimamisha vidole.

"Kwa hivyo mnazi wangu wala jua lako."

"Unalizuia, bibi."

"Na asubuhi, wapata ngapi?"

"Asubuhi niko kazini. Na hata hivyo, asubuhi kivuli chake huangukia upande wa pili."

"Hee," alisema, akavuta kuti jingine. "Huo una kitovu cha mwanangu wa kwanza chini yake. Baba yake aliupanda siku ile ile. Niache nifikiri."

Alifikiri siku tatu. Siku hizo tatu nilikuwa mtu wa hovyo. Hotelini nilifungua bomba nikasahau kufunga maji, chumba kikafurika. Nyumbani nilirudia hesabu zile zile. Kulikuwa na neno moja lililonisumbua: saa nane kivuli cha mnazi kilikuwa bado hakijafika kwenye paneli, na bado sindano ilikuwa chini. Nikajitungia maelezo. Nilisema makuti huchuja mwanga wa angani hata kabla ya kivuli chenyewe kutua. Sikuyapata katika kitabu chochote maelezo hayo. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri, na chini yake nikaandika: Sababu, mnazi wa jirani. Nikapiga mistari miwili.

"Ukipima kitu kimoja mara mia," mke wangu aliuliza, "kinakuwa kweli mara mia?"

Nikachukua mita nikapanda ngazi.

Siku ya nne bibi alipiga hodi mwenyewe.

"Kata," alisema, akiwa bado amesimama. "Wewe ni mtu wa kupima. Uliniambia pampu ya kisima imekufa raba, ikawa raba. Uliniambia paa langu litavuja pembeni mwa dari, likavuja. Mtoto mwenyewe ni mzima, yuko Msambweni na kitambi chake. Kitovu hakitatoka mbio."

Mke wangu alicheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa nimepata nilichotaka.

Mnazi uliangushwa Jumatano, siku yangu ya mapumziko. Watu wawili, kamba moja, mashoka mawili. Ulipolala chini nilihisi ardhi kwenye nyayo, na mbingu ya upande ule ikawa kubwa na tupu. Bibi alisimama kando na kanga yake kichwani, akawaelekeza wakate wapi ili magogo yafae kwa nguzo. Kisha alilitoa shaha, ule moyo mweupe wa mnazi ambao huliwa mara moja tu kwa kila mti, akatuletea nusu yake kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Lilikuwa tamu na laini, na ladha kidogo kama ya njugu mbichi. Nililila huku nikitazama saa.

Saa tisa na nusu nilipanda ngazi. Jua lilikuwa limelala juu ya kioo, safi, bila hata uzi wa kivuli. Sindano ilionyesha pointi tano.

Nikagonga kioo cha mita. Pointi tano. Mti mzima wa miaka arobaini na zaidi ulikuwa umenipa pointi tatu, kwa muda wa saa moja kila siku. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya kabla, kwa kalamu, nimekaa.

Wiki ile nilifanya kazi kama mtu anayetembea na jiwe ndani ya kiatu. Jumatano iliyofuata sikwenda Mombasa kutafuta vitabu kama nilivyozoea. Saa sita kamili, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, nilipima adhuhuri. Ampea moja na pointi moja: nusu ya kile nilichopata Desemba, na mnazi haukuwapo tena wa kubebeshwa lawama.

Bibi naye alikuwa amekuja siku hiyo kusuka makuti ya mnazi wake, yaliyokuwa bado uani kwangu. Alitandika mkeka wake chini ya ukuta wa nyuma.

"Bibi, njoo huku mbele kwenye benchi," nilimwita kutoka juu ya ngazi.

"Huko jua. Kusi ikivuma, kivuli cha adhuhuri ni cha ukuta huu. Wakati wa kaskazi nilikuwa nakaa kule jikoni kwenu. Kwani wewe miaka yote hii hukai nje?"

Nilimtazama. Mkeka wake ulikuwa upande wa kusini wa nyumba, wote ndani ya kivuli. Juu ya kichwa chake, kwenye fremu yangu ya digrii arobaini, paneli ilikuwa imeelekea kule kule alikoelekea yeye. Jua lilikuwa nyuma yetu sote, upande wa kaskazini, na lilikuwa likiigusa paneli kwa ukingo tu, kama mtu anayepita bila salamu.

Kitabu hakikusema uongo. Katika nchi ya mwandishi wake jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Kwetu liko kusini Desemba, nilipoifunga. Ifikapo Juni limeshavuka vichwa vyetu na kwenda upande wa pili. Hilo nilikuwa nikilijua tangu utoto kwa macho. Sikulitia katika hesabu kwa sababu halikuwamo kitabuni.

Nilifungua bolti nne nikailaza fremu, nikaiachia mwinamo mdogo tu kuelekea kaskazini. Sindano ikapanda mbele ya macho yangu hadi mbili na pointi mbili.

"Imepanda?" bibi aliuliza kutoka chini.

"Imepanda."

"Alhamdulillahi. Basi mnazi haukuanguka bure."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na spana mkononi na maneno yote kinywani. Nikamuuliza kama anataka maji ya kunywa.

Nyumba ikawa na mwanga, na mimi sikuweza kukaa ndani yake. Mke wangu nilimwambia siku ile ile. Aliweka mwiko chini.

"Na yeye umemwambia?"

"Bado."

"Unangoja apime mwenyewe?"

Kila siku nilipanga kwenda, na kila siku nilipata swichi ya kurekebisha. Kisha nikakutana na bibi njiani, akitoka kisimani na jirani mwenzake. "Huyu ndiye," alimwambia mwenzake. "Nyumba yake yang'aa, waiona hata kutoka kwangu. Ni mnazi wangu ule." Mwenzake akanipongeza. Nilisimama pale nikipokea pongezi kwa mti wa mtu, na nikajua kwamba kila siku ninayonyamaza anawaambia watu wengine wawili.

Nilikwenda siku ya pili yake, baada ya alasiri. Nilimkuta akikunja msala. Hakunitania habari za daftari safari hii, ingawa nilikuwa nalo.

"Bibi, mnazi haukuwa ndio uliozuia umeme," nilisema. "Paneli niliielekeza vibaya. Ulipokaa ukuta wa nyuma ndipo nilipotambua. Nimeigeuza tu, ikapona. Mnazi ungekuwapo mpaka leo."

Aliuweka msala juu ya kiti, akauweka sawa, kisha akauweka sawa tena.

"Nilikuuliza asubuhi," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukanambia kivuli chaangukia upande wa pili."

"Nilisema hivyo."

"Basi asubuhi nzima mnazi haukuwa na kesi, nawe hukwenda kuutafutia ushahidi."

Nje, nyuma ya ua wa makuti, yule jirani yake alikuwa akitwanga nilipopita. Sasa kinu kilikuwa kimenyamaza.

"Humo ndani uliandika nini?" alinyoosha kidole kwenye daftari.

Nikamfungulia ukurasa. Kusoma alisoma kwa herufi za Kiarabu, hizi zangu hakuzijua, lakini mistari miwili aliiona. Nikamsomea: Sababu, mnazi wa jirani.

"Nifute?"

"Usifute. Ulikosa, uonekane umekosa. Ongeza chini yake."

"Niandike nini?"

"Andika mnazi haukuwa na kosa. Andika na saa, kama unavyoandika mambo yako."

Nikaandika. Saa kumi na robo. Mnazi haukuwa na kosa.

"Soma."

Nikasoma.

"Kwa sauti," alisema, akigeuza uso kuelekea ua. "Mwenzangu naye ametega sikio tangu ulipoingia. Asikie."

Nikasimama, nikasoma tena.